Maadamu: Historia Fupi ya Kesi za Kufuta Mikataba ya Gesi Marekani

Katika darasa la tafsiri muhula huu, kikundi chetu kilichagua fomu ya mkataba wa kukodisha shamba kwa ajili ya kuchimba mafuta na gesi, fomu za aina inayotumika sana hapa Pennsylvania. Ukurasa wa kwanza haukutusumbua: majina, tarehe, idadi ya ekari. Tulipofika kwenye kipengele cha muda tukakwama. Kwa ufupi kinasema kwamba mkataba utadumu miaka mitano, na baada ya hapo utaendelea maadamu mafuta au gesi inazalishwa katika shamba hilo.

Ni sentensi moja tu. Lakini tulipoanza kuuliza maana yake kisheria, tulikuta kesi za zaidi ya karne moja, kutoka Pennsylvania hadi Kansas, Texas, Ohio na New York. Nyingi kati ya hizo zinauliza jambo lile lile: hiyo "maadamu" inaisha lini, na ni nani mwenye haki ya kusema kwamba imeisha?

Makala hii ni matokeo ya kusoma kwetu. Sisi si mawakili. Ni wanafunzi wa Kiswahili, na wengi wetu tangu tukiwa na miaka kumi ndio tuliokuwa tukiwasomea wazazi wetu barua za Kiingereza zilizokuja nyumbani. Kwa hiyo swali la nani anaielewa karatasi kabla ya kuitia sahihi si geni kwetu.

Gesi ni ya nani?

Msomaji aliyelelewa na wazazi kutoka Tanzania, Kenya au Oman anaweza kushangaa tangu mwanzo. Mkulima anawezaje kukodisha gesi iliyo chini ya shamba lake? Huko kwetu mali ya chini ya ardhi ni ya dola. Tanzania, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaiweka ardhi yote mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi, na mafuta na gesi vilevile ni mali ya umma. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, haikuwa ya mwenye minazi iliyo juu yake. Ndiyo maana watu wa Mtwara walipopinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam mwaka 2013, ugomvi wao ulikuwa na serikali, si na kampuni kuhusu mkataba wa shamba la fulani.

Marekani mambo ni kinyume. Katika ardhi ya mtu binafsi, mwenye ardhi ndiye mwenye kilicho chini yake, isipokuwa kama yeye au waliomtangulia waliiuza haki hiyo peke yake. Kwa kuwa mkulima hana mitambo wala mtaji, huikodishia kampuni haki ya kuchimba. Anapata malipo ya kusaini kwa kila ekari, na gesi ikipatikana anapata mrabaha, ambao kwa desturi ya zamani ni sehemu moja kati ya nane ya kinachotoka.

Kampuni nayo inapata muda, na muda huo una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inahesabiwa kwa miaka. Sehemu ya pili haina tarehe ya mwisho, ina "maadamu" tu. Ukiwa mwenye shamba, unaweza kutia sahihi leo na wajukuu wako wakawa bado wamefungwa na sahihi hiyo. Je, unatokaje?

Mnyama wa mwituni

Mnamo Agosti 1859, karibu na mji wa Titusville, Pennsylvania, Edwin Drake alipata mafuta katika kisima chenye kina cha futi 69 na nusu, yaani mita 21 hivi. Watu walimiminika bondeni, na kila mwenye shamba akawa na mgeni mlangoni mwenye karatasi ya kutiwa sahihi. Mahakama zilijikuta zikiamua mambo ambayo sheria ya zamani ya Kiingereza haikuyajua.

Sheria hiyo ya zamani haikupenda kumnyang'anya mtu haki yake kwa sababu tu amechelewa kutimiza sharti. Ukichelewa kulipa kodi ya nyumba, jaji angetafuta njia ya kukupa nafasi nyingine. Lakini mafuta si nyumba. Katika kesi ya Brown na Vandergrift ya mwaka 1875, Mahakama Kuu ya Pennsylvania ilikubali mkataba wa mafuta ufutwe kwa sababu masharti yake hayakutimizwa kwa wakati. Hoja ilikuwa kwamba mafuta hayatulii mahali pamoja. Mchimbaji akisubiri, jirani huchimba upande wa pili wa uzio na kuyavuta. Anayeumia kwa kungoja ni mwenye shamba.

Miaka kumi na minne baadaye, mwaka 1889, mahakama hiyo hiyo ilitoa uamuzi ambao hadi leo wanafunzi wa sheria husomeshwa. Kampuni ya gesi ilikuwa imechimba kisima na kukifunga koki. Mwenye shamba akaona mkataba umekufa, akakodisha upya kwa mtu mwingine. Majaji walifananisha maji, mafuta na gesi na wanyama wa mwituni: ni vyako vikiwa kwako, vikihama si vyako tena. Kwa hiyo aliyeimiliki gesi hakuwa yule anayelima juu yake, bali yule aliyeweza kuifungua na kuifunga. Kampuni ilikuwa na kisima na koki, ikashinda.

Ukizisoma kesi hizi mbili haraka, unaweza kudhani zinapingana. Sisi tuliziona zinasema jambo moja. Aliyekaa bila kufanya kitu alipoteza. Aliyefanya kazi ya kuchimba alilindwa, hata koki ilipokuwa imefungwa.

Kampuni inapokaa kimya

Hapo likazuka swali gumu zaidi. Vipi kampuni ikichimba kisima kimoja, ikapata gesi, kisha ikatulia? Mkataba haukusema ichimbe visima vingapi. Kwa maneno yaliyoandikwa, "maadamu" imetimia.

Swali hilo lilifika mwaka 1905 katika mahakama ya rufaa ya shirikisho, katika kesi ya kampuni ya Lanyon Zinc huko Kansas. Kampuni ilikuwa imepata gesi lakini haikuendelea na uchimbaji ipasavyo, na mwenye ardhi akaomba mkataba ufutwe. Uamuzi uliandikwa na Willis Van Devanter, ambaye baadaye alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani. Alisema kwamba ndani ya mkataba wa namna hii mna ahadi ambayo haikuandikwa: kampuni itafanya kazi kwa bidii ambayo mchimbaji yeyote mwenye busara angeifanya, akizingatia faida ya pande zote mbili. Wala kampuni wala mwenye shamba hana mamlaka ya kuamua peke yake kazi gani inatosha. Na ahadi hiyo ikivunjwa, mahakama inaweza kuufuta mkataba.

Kwa wenye mashamba ulikuwa ushindi mkubwa. Ila mzigo wa ushahidi uliwaelemea wao. Mkulima alitakiwa kuonyesha kwamba mchimbaji mwenye busara angechimba zaidi, na ujuzi wa mambo hayo, ramani za miamba na vitabu vya hesabu vilikuwa katika ofisi za kampuni. Tena Pennsylvania ilikuwa imeshachukua njia ya tahadhari zaidi. Katika kesi ya Young na Forest Oil ya mwaka 1899, mahakama yake ilisema kwamba kampuni inayoamua kwa nia njema isiingiliwe katika uamuzi wake wa kibiashara.

Inafaa hapa kutofautisha mambo mawili yanayochanganywa sana. Kuna mkataba unaokufa wenyewe na kuna mkataba unaouawa na mahakama. Muda wa kwanza ukipita bila gesi kutoka, au uzalishaji ukikoma kabisa, mkataba hufa wenyewe. Texas ilishikilia hivyo tangu miaka ya 1920: haki ya kampuni ina mwisho ndani yake, na mwisho ukifika haki hurudi kwa mwenye ardhi. Lakini kampuni ikivunja ahadi, mkataba bado u hai mpaka jaji aseme. Na hata uliokufa wenyewe hubaki umeandikwa katika daftari la ardhi la kaunti, na jina la kampuni halifutiki hapo kwa kupuliza. Mkopeshaji ataliona, mnunuzi ataliona. Kampuni ikikataa kutoa hati ya kuliachilia shamba, mwenyewe hana njia ila kwenda mahakamani. Ndiyo maana kesi nyingi zinazoitwa za kufuta mkataba kwa kweli zinamwomba jaji athibitishe kifo kilichokwisha kutokea.

Hasara ya dola arobaini

Visima huzeeka. Kinachotoa gesi nyingi mwaka wa kwanza kinaweza, baada ya miaka thelathini, kutoa ya kuchemshia chai tu. Je, hiyo nayo ni kuzalisha?

Mwaka 1942, katika kesi ya Garcia na King, Mahakama Kuu ya Texas ilijibu kwamba kuzalisha maana yake ni kuzalisha kiasi chenye faida, hata kama mkataba hausemi hivyo. Kampuni isiruhusiwe kulishika shamba kwa matone. Basi wenye mashamba wakaanza kupiga hesabu. Mwaka 1959 ikaja kesi ya Clifton na Koontz. Kisima kilikuwa kimeingiza hasara ya dola 216 kati ya Juni 1955 na Septemba 1956. Mahakama ilikataa kuufuta mkataba. Ilisema hesabu isifanywe kwa kipindi kilichochaguliwa na upande mmoja, bali kwa muda wa kutosha, na swali liwe kama mchimbaji mwenye busara angeendelea na kisima hicho kwa kutafuta faida, si kwa kubahatisha bei ipande siku moja.

Kesi iliyotushangaza zaidi ni ya Pennsylvania, ya mwaka 2012. Mkataba wenyewe ulitiwa sahihi mwaka 1928, katika Kaunti ya Indiana, ambayo licha ya jina lake iko magharibi mwa Pennsylvania. Mwaka 1959 visima vyake viliingiza hasara ya dola 40 hivi. Karibu nusu karne baadaye, kampuni ilipotaka kuchimba visima vipya, familia iliyokuwa ikimiliki sehemu ya shamba hilo ilidai kwamba mkataba ulikufa katika mwaka ule wa hasara. Mahakama Kuu ya Pennsylvania ilirudi kwenye kesi yake ya 1899, ikasema kipimo ni nia njema ya kampuni. Dola 40 hazikutosha kuua mkataba wa miaka themanini na zaidi.

Hapa neno letu la Kiswahili lilitusaidia kufikiri. "Maadamu" ina maana mbili: "kwa muda ambao" na "kwa kuwa". Wenye mashamba walikuwa wakisoma maana ya kwanza, wakiangalia kalenda: mwaka fulani hapakuwa na faida, basi muda umekatika. Majaji wakasoma zaidi ile ya pili: bado ipo sababu ya kampuni kuwa pale?

Homa ya Marcellus

Kilichofanya karatasi za 1928 zitolewe kabatini ni mwamba uitwao Marcellus, ulio chini sana ya Pennsylvania, New York, Ohio na West Virginia. Mwaka 2004 kampuni ya Range Resources ilijaribu kisima katika Kaunti ya Washington, ikaonekana kwamba gesi iliyobanwa ndani ya mwamba huo inaweza kutolewa kwa kuupasua kwa maji yenye mchanga na kemikali. Mwaka 2008 wanajiolojia Terry Engelder na Gary Lash walitangaza kwamba gesi iliyomo ni nyingi mno kuliko ilivyodhaniwa. Malipo ya kusaini, yaliyokuwa dola chache au makumi kwa ekari, yalipanda hadi maelfu.

Fikiria umetia sahihi kwa dola 25 kwa ekari, na mwaka unaofuata jirani yako analipwa dola 2,000. Kisheria hujaibiwa. Lakini usingizi hauji. Mawakili wakapata wateja.

Kesi zilizofuata zinafundisha kwa sababu matokeo yake hayakufanana. Kundi moja la wenye mashamba Pennsylvania lilitegemea sheria ya mwaka 1979 inayosema mrabaha usipungue sehemu moja kati ya nane. Kampuni zilikuwa zikikata gharama za kusafisha na kusafirisha gesi kabla ya kugawa, kwa hiyo walidai mikataba ni batili. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya jimbo ilikataa. Sehemu moja kati ya nane ilikuwepo katika mkataba, na sheria haikukataza kukata gharama kwanza.

Kundi lingine lilikuwa na mikataba yenye muda wa kwanza wa mwaka mmoja tu, lakini kampuni ilidai inaweza kuurefusha bila mwisho kwa kulipa dola 2 kwa ekari kila mwaka, bila kuchimba. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ya Pennsylvania ilikataa. Kodi ya kuchelewa, ilisema, ni ya kununua kuchelewa ndani ya muda wa kwanza. Muda huo ukiisha, kinachotakiwa ni gesi. Mikataba ikahesabiwa imekufa, na wenye ardhi wakawa huru.

Upande wa New York gavana David Paterson alisimamisha vibali vya upasuaji mkubwa wa miamba mwaka 2008 ili serikali ichunguze madhara. Miaka mitano ya mikataba mingi ikapita bila kisima. Kampuni zikasema: sisi tulitaka kuchimba, serikali imetuzuia, na mkataba una kipengele cha matukio yasiyozuilika. Wenye mashamba wa Kaunti ya Tioga wakajibu kwamba miaka mitano ni miaka mitano. Mwaka 2015 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo iliwapa haki wenye mashamba. Kipengele kile hakikuandikwa kwa namna ya kurefusha muda wa kwanza, na kosa kuwa la serikali halikuipa kampuni muda ambao mkataba haukuitaja. Ushindi huo haukuwaletea fedha mpya, kwa kuwa miezi michache kabla serikali ya jimbo ilikuwa imetangaza kuupiga marufuku upasuaji huo. Waliopata ni shamba lisilo na jina la mtu mwingine juu yake, na kwa wengine hicho ndicho walichokitaka.

Ohio, kwenye Kaunti ya Monroe, mamia ya wenye mashamba walidai kwamba mikataba yao ilikuwa ya milele na kwa hiyo inapingana na maslahi ya umma. Mahakama ya mwanzo ilikubali. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Ohio ilikataa: mikataba ilikuwa na muda wa kwanza wa miaka kumi na kisha "maadamu" yake, na hilo si la milele.

Kinachopimwa

Tukiziweka kesi hizi zote mezani, tunaona mstari mmoja unapita katikati. Mahakama hazikuwahurumia waliolalamika kwamba walilipwa kidogo. Bei mbaya iliyokubaliwa ilibaki kuwa bei. Lakini mahakama hizo hizo zilikata kamba pale kampuni ilipotaka kushika shamba kwa kungoja tu. Kuchimba, hata kwa hasara ndogo, kulilinda mkataba. Kungoja, hata kwa kulipia dola mbili, hakukutosha. "Maadamu" imepimwa kwa kazi.

Hilo lina upande mchungu. Mtu aliyetia sahihi asichokielewa hana pa kukimbilia miaka kumi baadaye kwa kusema hakuelewa. Nafasi yake ilikuwa siku ile ya kwanza. Wakulima wa Louisiana walilijua hilo mapema. Kampuni iliweza kuunganisha mashamba mengi, pengine ekari mia kadhaa, kuwa eneo moja, na kisima kimoja katika kona kikashika yote, hata ekari za mtu zilizo nje ya eneo hilo. Mwaka 1947 wakili Lawrence Pugh wa mji wa Crowley aliandika kipengele kifupi: ekari zisizoingizwa katika eneo la kisima zinarudi kwa mwenyewe muda ukiisha. Kipengele hicho bado kinaitwa kwa jina lake. Hakikuhitaji kesi, kilihitaji mtu wa kukiomba kabla ya kalamu kushikwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walioshinda kesi hizi walikuwa na karatasi: mkataba wa asili, tarehe ya mwisho ya muda wa kwanza, stakabadhi za mrabaha, barua zilizopelekwa kwa kampuni. Kwa hiyo kama kwenu kuna kiwanja au shamba hapa Marekani, lililonunuliwa kwa jasho la wazazi, nendeni ofisi ya daftari la ardhi ya kaunti mkaulize kama lina mkataba wa gesi juu yake. Waliowauzia huenda waliutia sahihi zamani na wakasahau kusema. Mkiukuta, msianze na jina la kampuni wala idadi ya dola. Someni kwanza kipengele cha muda, na mhesabu miaka.